Mbili na Nusu

Panua, Taavet. Panua zaidi.
Mto Emajõgi umeganda tangu juzi
na viatu vyako vinadondosha theluji kwenye zulia langu.

Nalaza rula ya chuma juu ya magego mawili,
la mbele na la nyuma,
kama fundi anayekagua sakafu aliyoijenga mwingine.
Katikati, gego la utotoni
halifiki kwenye rula.
Nashusha kijiti chenye mistari: moja, mbili,
na nusu.
Mwaka jana ilikuwa moja.

Halikuzama, namwambia mama yake.
Limesimama palepale;
taya ndilo lililokua, majirani ndio waliopanda.
Naligonga kwa mpini wa kioo.
Mengine hujibu du, du, kama mlango wa mbao.
Hili hulia ti! kama kikombe cha kaure.
Limeshikana na mfupa. Limekataa kuaga.

Kwenye picha ya eksirei namtafuta mrithi wake,
jino la utu uzima, utosi mweupe ukisubiri chini.
Hakuna.
Kijivu tu, mfupa juu ya mfupa.

"Tuling'oe?" auliza Virve, kinga zake za mkono zimeviringwa mapajani.

Nalifikiria: mlinzi aliyesahauliwa langoni,
zamu imekwisha, na wa kumpokea hakuzaliwa.
Tutalijengea kofia, nasema, lifikie wenzake.
Kisha tutapima tena, wakati wa majani mapya.

Taavet anafumba kinywa, anapitisha ulimi,
anahakiki kwa kipimo chake.
"Kuna bonde," asema.
"Peremende inaenea."