Punje Inayoelea

Saa tano na dakika arobaini usiku,
umeme wa Rau umerudi sasa hivi,
simu inatoa kijimlio
kama kifaranga kilichokanyagwa.
"Mpendwa Mteja."

Mteja nani?
Makaribisho wananijua tangu mwaka ule
nilipoweka kwao vyumba vyangu vinne,
hata choo cha nje nikakitaja kwa uaminifu.
Huniita Bi Ndeanansia Lyimo.
Wakikosea huandika Limo.
Mteja, kama mtu wa foleni ya sukari,
hawajawahi.

Nembo ni ile ile: kibanda cha bluu, taa mlangoni.
Hata ule mstari mwembamba wa chini upo,
na anwani ya ofisi, na heri ya sikukuu.
Kazi nzuri. Nani asiyesifu mshono
kabla hajagundua koti ni lake, limeibwa?

"Akaunti yako itafungwa ndani ya saa mbili.
Wageni wako wote watahamishwa.
Bofya hapa. Thibitisha neno la siri.
Thibitisha kadi. Thibitisha."

Nikawaona Wapolandi wangu sita wa Jumanne
wakihamishwa na mabuti yao, kama mbuzi,
kwenda kwa shemeji Kundaeli,
ambaye shuka zake, Mungu anisamehe.
Kidole kikasogea.

Nasema kweli: kilisogea.
Anayeapa chake hakijawahi kusogea
hajawahi kudaiwa ada mwezi wa Januari.

Ndipo nikamkumbuka mama, Kibosho,
na pipa lake la maji nyuma ya nyumba.
Kahawa ikishachumwa hakuiamini kwa macho.
Yote nyekundu, alisema,
na jua likiwaka hata ugonjwa hung'aa.
Aliimwaga debe zima majini, akasubiri.
Nzito ilizama kimya.
Ile iliyoliwa na mdudu kwa ndani
ilipanda juu mbio, ikijionyesha.
"Hii yenye pupa," alisema akiienga kwa kikapu,
"ndiyo isiyo na kitu tumboni."

Basi nami nikaitia barua majini.
Yaani sikufanya chochote.
Nikabandika chai. Nikatafuta miwani.
Nikagusa jina la mtumaji mpaka anwani ikatokea yote,
nikaisoma kama darasa la kwanza,
herufi kwa herufi, kwa sauti, peke yangu jikoni:
r. n. a. k. a.
Nikarudi nyuma.
r. n.
Herufi mbili zimebanana mabega
kama watoto ndani ya koti la baba
wakijifanya mtu mzima anayeitwa m.

Nilicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Mlango wake sikuupita.
Nilizunguka kwa mlango wangu,
ule niliouhifadhi mwenyewe siku ya kwanza,
nikaingia Makaribisho kwa miguu yangu.
Vyumba vinne. Wapolandi sita. Jumanne.
Hakuna onyo, hakuna anayefunga kitu,
nyumba imelala.

Asubuhi nikampigia Elirehema wa dada yangu,
yule aliyepoteza laki nane mwezi wa sita
kwa barua kama hii, ya benki,
akatudanganya kwamba aliibiwa stendi.
Tulijua. Hatukusema.
Nami sikumwambia ningekuwa wewe.
Nilimwambia kidole changu kilisogea.
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.
Kisha, polepole:
"Mama mkubwa, hata wewe?"
"Hata mimi. Nilikuwa sijavaa miwani."
Akavuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua mzigo
aliobeba peke yake kutoka Kiborloni,
akaanza kunisimulia, safari hii
bila stendi ndani yake.

Ile barua niliwapelekea Makaribisho wenyewe
waione sura yao ilivyovaliwa na mwizi.
Saa sita mchana likaja jibu:
"Bi Ndeanansia Limo, asante kwa taarifa."

Limo.
Moyo ukasema, hao hao.
Hata hivyo nikavaa miwani,
nikaanza na herufi ya kwanza.