Ng'ombe wa Kuazima

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, Igoma.
Magesa anazima mashine ya kuchomelea,
uani kwake panageuka uwanja.
Tupo kumi na wanne. Daftarini nimeandika kumi na moja,
maana watatu hawajalipa elfu mbili,
na mimi mweka hazina simhesabu mtu
kwa miguu yake peke yake.

Ngozi ya ngoma imekunywa unyevu wa ziwa.
Tunaikausha kwa moto wa maboksi ya sabuni.
Gamaya anaigonga kwa ukucha, anasikiliza:
"Bado inaongea puani."
Ndono yetu ina waya wa breki ya baiskeli;
kibuyu chake kilikuwa cha maziwa,
ukikiegemeza kifuani bado kinanuka mtindi.

Tulianza kwa haya. Sundi wa duka la vocha
alificha njuga kwenye begi la shule la mwanawe.
Nhandi alimuaga mkewe: naenda kikao cha harusi.
Mwezi wa tano mke akauliza,
hiyo harusi ni ya nani, isiyofika?
Akamfuata. Sasa ndiye anayerusha jembe juu kutuzidi sote
na kulidaka akiwa anaangalia pembeni.

Kisha ikaja kaseti, kutoka Magu,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Upande mmoja redio iliutafuna zamani.
Mwingine tukauzungusha kwa penseli, pole pole,
tukasikiliza bila kuhema,
huku kwaya ya jirani ikijaribu spika: haloo, haloo.

Na ule wimbo, jamani, ulikuwa tusi.
Enzi hizo kundi lilisimama kukabili kundi,
mshindi ni aliyewavuta watu upande wake,
na hakuna kilichovuta watu kama jina la mtu.

*Lushinge, ulioa kwa ng'ombe wa kuazima,
jioni wakarudi kwao,
ukabaki na bibi harusi
na kamba mkononi.*

Tukacheka.
Halafu hatukucheka.
Mbuke alikuwa amekaa juu ya tairi,
njuga zimefungwa mguu mmoja.
Mbuke wa Lushinge. Mjukuu.
Mchezaji wetu bora.

Magesa, ambaye ni Mjita
na haoni taabu kutuamulia ya Wasukuma,
akasema tuweke "rafiki" badala ya jina.
Tukajaribu. Neno likaingia kwenye pigo
kama mguu katika kiatu cha mtu mwingine.
Gamaya akasema turuke ubeti mzima.
Ngoma ikajikwaa palepale, mara tatu,
kama mnyama anayeijua njia ya zizini
na wewe unamsukumia barabarani.

Nikaandika: *Ajenda ya pili, jina. Imeahirishwa.*

Mbuke akafunga mguu wa pili.
Akasema, kwa sauti ya mtu anayedai chenji:
"Wale ng'ombe walirudi. Bibi hakurudi.
Angerudi, leo nani angewachezea?"
Akasimama, akakung'uta sketi.
"Na babu mwenyewe aliuimba huu, akipalilia pamba.
Alilalamikia kitu kimoja tu:
ng'ombe mmoja alikuwa wake."

Basi akaanza yeye.
Lushinge! akaita, na ngoma ikapata pa kukanyaga,
na ndono ikalia kwa waya wake wa breki,
na mawe ya mlimani, yale makubwa
yaliyopandana bila kuulizana,
yakalirudisha jina nusu pigo nyuma,
kana kwamba kundi pinzani lingali kule,
limechelewa kidogo tu.
Kwaya ya jirani ikanyamaza. Sijui kwa hasira
au ilikuwa inatafuta ufunguo wa sauti.

Ubeti wa tatu hatunao, uko kwenye ule upande uliotafunwa.
Mbuke anasema anaukumbuka, ila ni mbaya zaidi,
na safari hii unamtaja babu yake Gamaya.

Usiku, kwa mwanga wa simu, nikafungua daftari.
Mbuke: *amelipa*, nikaandika.
Hakuwa amelipa.
Nikafuta kumi na moja,
nikaweka kumi na wawili.