Farumi

Mhina, lete kitambaa, ushike hapa.
Mafuta haya yana saa arobaini tu,
tayari meusi kama masizi ya sufuria.
Ulisema boti imechoka.
Umeichosha.

Nimehesabu mifuko: mitatu tezini, mmoja omoni,
yote umeijaza maji ya bahari kwa pampu,
kilo mia sita, na vijana wanane juu yake,
ili wimbi linyanyuke nyuma yenu
na watoto wa Raskazone wacheze na ubao.

Wimbi nimeliona, sikatai:
limesimama laini kama ukingo wa bakuli.
Ila halikutoka baharini lile.
Limechongwa humu, kwenye pistoni.
Mkono wa mafuta umeusukuma hadi mwisho,
injini inalia kama inachinjwa,
na mwendo ni wa baiskeli.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani,
na ngamani ndimo unaponikuta mimi,
kichwa chini, spana mdomoni.

Nilibeba marobota ya katani gatini
miaka kumi na mmoja.
Kazi niliiacha. Mgongo haukuniacha.

Basi, nitakufungia rafadha ya mkunjo mdogo,
ing'oke majini bila kukabwa.
Mafuta, badilisha kila saa ishirini na tano.
Mifuko miwili mwaga, leo hii.

Na Jumamosi niwekee nafasi tezini,
nilitazame tena.
Nina kilo sitini na tisa.
Zihesabu.