Kaza, Legeza

Toka Jumatano hatusemezani,
mimi na Mideva.
Kisa ni deni la kakake; tuliache.

Jumamosi tukafika Njorowa na kamba yetu moja,
mita sitini, imeanza kuchanua nyuzi mwishoni.
Dukani Nakuru nawapimia watu kamba za mbuzi.
Hii siuzi.

Jua limeuchoma mwamba, upepo unanuka kiberiti.
Pimbi wanatuchungulia kutoka nyufani
kama majirani wa ploti.
Akafunga fundo la nane. Nikalikagua.
Akakagua langu. Kimya.
Chaki imemjaa vidoleni hadi kwenye pete.

Kisha akapanda, na maneno yakarudi,
matatu tu, yale ya kazi:
Kaza.
Legeza.
Shika.
Kila moja likinidondokea pamoja na mchanga machoni.

Penye ufa wa tatu mguu ukamponyoka.
Kamba ikanikokota hatua mbili, nikakita visigino,
nikapaza sauti ambayo sikuipanga:
"Nimekushika!"

Akaning'inia pale, akizunguka polepole,
mgongo, uso, mgongo.
Anacheka au analia, sikujua; jua lilinipofusha.

"Na kaka yangu je?" akauliza kutoka juu.

Mita kumi na mbili za hewa baina yetu.
Mikono yangu haikuwa na nafasi ya kubishana.

"Panda kwanza," nikasema.
Nikakaza.