Kodi ya Upepo

Alikuja Jumanne, theluji ikiwa bado magotini,
Verna Koskela, na mfuko wa plastiki wa duka la mikate.
Akaumimina juu ya meza yangu pale maktaba:
risiti saba, cheti cha kiwanda,
na kibandiko cha dirisha alichokibandua kwa kisu cha siagi.
"Vingine bado viko kwenye vioo," alisema.
"Sikuvigusa msimu mzima wa baridi.
Niliogopa serikali ingekuja kuchungulia."

Mimi si serikali. Mimi ni mhasibu mstaafu
wa kampuni ya mbao iliyokufa kabla yangu.
Najazia watu fomu za kodi bure, Februari hadi Aprili,
kwa kahawa ya maktaba, ambayo nayo ni adhabu.

Madirisha yake ya zamani, alisema, yalikuwa ya mbao,
yalivimba kiangazi, yakasinyaa Desemba,
kioo kimoja chembamba kama ahadi ya mgombea.
Upepo wa kaskazini uliingia bila hodi
ukatoka na joto lililokwisha kulipiwa.
Miaka arobaini na mmoja upepo ulikusanya kodi yake
dirisha kwa dirisha,
wala haukutoa risiti hata siku moja.
Arvo, marehemu mumewe, aliziba nyufa kwa soksi,
soksi za sufu za mgodini
zilizopoteza wenzake.

Kisha gazeti likasema: badilisha madirisha,
asilimia thelathini utapunguziwa kwenye kodi,
isizidi dola mia sita.
Akavunja akiba ya jeneza lake.
Jeneza lina subira, baridi haina.
Vijana wawili wakaja kutoka Duluth
na vioo vya tabaka mbili, katikati yake gesi
isiyo na rangi wala harufu.
"Nimelipia nisichokiona," alisema, "kama kanisani."

Nikapiga hesabu.
Ujira wa fundi hauingii. Sheria inakitambua kioo,
mikono iliyokibeba haiitambui.
Hata hivyo mia sita zikatimia, akatabasamu,
akaanza kuzirudisha risiti mfukoni moja moja.
Nikashuka hadi chini ya ukurasa
na hapo kalamu ikasita.

Pensheni ya mjane.
Kodi anayodaiwa kwa mwaka mzima:
dola arobaini na tatu.
Na nafuu haizidi deni. Hupunguziwi usichodaiwa.
Kinachobaki hakivuki kwenda mwakani,
kinamwagika hapo hapo.
Mkono mtupu haulambwi.
Nilimwambia polepole, kwa sauti ya daktari,
nikimkumbuka mtu wa Jumatatu, mwenye nyumba ya ziwani
na madirisha kumi na manne:
alizipata mia sita zote, hakuinua hata nyusi.

"Arobaini na tatu," alisema Verna. "Kwa hiyo mwaka huu
silipi kitu?"
"Hulipi kitu."
"Na upepo haupati kitu."
Akacheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyeketi peke yake.

Kisha akasema: "Kuna jambo moja.
Treni ya madini, ile ya saa kumi alfajiri,
ilikuwa ikivitikisa vioo vyangu.
Ndivyo nilivyojua zamu ya Arvo imekwisha, niweke maji jikoni.
Hata alipokufa, vioo viliendelea kuniletea habari.
Sasa naamka. Naona taa zinapita,
behewa baada ya behewa, hakuna sauti.
Fomu yako ina mahali pa hilo?"

Niliipitia mistari yote, ingawa naijua.
Nikaandika arobaini na tatu.
Akatia sahihi, herufi za shule ya zamani,
akauliza kama sasa anaweza kubandua vibandiko.
Bandua, nilisema.

Aprili nilipita mtaani kwake.
Vioo vilikuwa safi, mawingu yakitembea ndani yake.
Dirisha la jikoni tu, la upande wa reli,
lilikuwa wazi,
upana wa soksi.