Ubwiri

Mvua ilipokatika ghafla hapa Hombolo
niliona unga mweupe kwenye vichala vya zabibu.
Ukiupuliza, hautoki.
Ukiufuta kwa kidole, ganda chini yake limechubuka.
Wiki hiyohiyo nikatoa ulimi
mbele ya kioo cha pikipiki ya shemeji Chilewa,
nikaukuta uleule.

Nikacheka. Nikasema shamba limenifuata mdomoni.
Lakini ugali haukupita tena kooni;
mlenda tu ndio uliteleza, nao kwa machozi.

Vidonge niliviacha tangu mavuno ya Agosti.
Sikukatazwa na mchungaji wala mganga.
Nilinenepa.
Mtu akinenepa hudhani deni limekwisha.

Nesi Foibe hakunigombeza.
Huu wa ulimi, akasema, ni fangasi.
Haya malengelenge ya ubavuni, mkanda wa jeshi
(jeshi la nani, nikamuuliza, na wangu wamelala wapi?).
Kikohozi, tupime makohozi.
Yote haya, mama, ni magonjwa nyemelezi.

Nyemelezi.
Nililitafuna neno hilo njia nzima, maana nalijua.
Ni fisi aliyepita kila usiku nje ya zizi la baba,
akinusa, akihesabu miiba, akiondoka,
hadi usiku ule mchwa walipomaliza kigingi kimoja.
Fisi hakuota meno mapya.
Zizi ndilo lilipungua.

Hata njiwa! Njiwa wa Mama Mbeleje
niliowatupia mtama tangu sijaota meno ya ukubwani:
kinyesi chao kikikauka, Foibe anasema,
vumbi lake laweza kupanda hadi kichwani
kwa mtu wa kinga kama yangu.
Kumbe vyote vilikuwa hapahapa,
kwenye vumbi, kwenye pumzi, kwenye ngozi hii,
tukila sahani moja
kwa adabu.

Safu nne za upande wa bwawa sikuziokoa.
Zilizobaki nazipiga salfa kabla jua halijachoma,
na saa tatu usiku simu inalia, nameza,
ninene nisinene.

Leo nimechuma zabibu moja, haijaiva bado.
Imenikaza taya, imenitoa jicho.
Miezi miwili sikujua chachu wala tamu.
Nikachuma nyingine,
mbichi kuliko ile.