Mkono wa Ngazi

Nyumba ya ghorofa nne, Sololaki, mjini Tbilisi.
Ngazi ya mbao imejiviringa tumboni mwake kama gamba la konokono,
na mkono wa ngazi, ulioshikwa tangu enzi za babu zao,
umeoza kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu.
Wapangaji wamechanga. Fundi ni Ramazi.
Kuchora ni juu yangu.

Naanza na duara. Duara ni kazi ya mtoto:
bonyeza katikati, vuta, achia.
Lakini duara langu limelala chini kama sahani,
na ngazi haitaki sahani.
Inataka mstari unaozunguka huku ukipanda,
kila nyuzi kumi, sentimita tisa,
ukifika mlangoni kwa Bi Tsiala unyooke, upumue,
kisha uinuke tena.

Programu haijui kupanda.
Urefu inaujua, upana inaujua,
kimo inakitaja mwisho, kama mtoto wa kambo.
Nikivuta ncha moja juu, mstari unakatika.
Nikiuinamisha wote, unainama
kama meza iliyovunjika mguu.

Basi nikaazima akili za watu.
Nikapakua programu-jalizi ya kupinda mistari.
Nikapakua ya kuilaza juu ya mteremko
kama shuka juu ya kitanda kisichotandikika.
Ya tatu iliandikwa na mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua,
na maelezo yake ni sentensi moja tu:
*Nilichoka kufanya hivi kwa mkono.*
Nikacheka peke yangu, saa saba ya usiku,
theluji ikigonga dirisha.

Nikabonyeza. Ukapanda!
Ulijiviringa kwenye skrini ghorofa baada ya ghorofa,
laini kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika.
Nikausogelea. Nikausogelea zaidi.
Halikuwa pindo. Vilikuwa vipande vilivyonyooka,
ishirini na vinne, vimeshikana mabega.
Njia ya mwongo ni fupi,
na mimi nilikuwa na njia fupi ishirini na nne.
Nikaandika tisini na sita. Uongo ukawa mwembamba,
jicho likaridhika, nikalala.

Ramazi akachonga mti wa jozi kwa michoro yangu,
akapiga msasa, akapaka mafuta, akafunga.
Bi Tsiala akatoka, macho yake yamefunikwa na ukungu wa miaka,
akaweka kiganja juu ya mbao, akashuka.
Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja.
"Hapa," akasema, "aliyechora alishtuka."

Ni pale mteremko unapokutana na sehemu bapa.
Ncha zilikuwa zimegusana, naapa,
programu ilizipa rangi ya kijani.
Lakini kugusana si kuelewana:
moja ilikuwa bado inashuka,
nyingine imeshafika nyumbani.

Ramazi hakusema neno. Alitoa randa ndogo mfukoni,
akaparua mara mbili, akapuliza,
akamshika yule bibi mkono, akaurudisha mahali pale.
Safari hii kiganja kilipita
na maneno yakapita nacho, habari za bei ya mkate.

Bado ghorofa ya nne.
Juzi kompyuta ilijisasisha bila kuniuliza,
ile ya tatu haifunguki tena.
Nimemwandikia mwenyewe. Kimya.
Labda alichoka na hili pia.

Ramazi alinikuta nimejishika kichwa.
Akachukua karatasi, akakata pembetatu,
akaizungushia chupa tupu ya maji ya Borjomi,
na ule ukingo wa mshazari, ulionyooka kama rula,
ukapanda ukizunguka, bila kipande, bila kiungo.
"Mteremko ni huu," akasema. "Ulikuwa mezani kwako."

Chupa nimeiweka kando ya skrini.
Nachora upya, taratibu,
na kila mstari unapofika mlangoni pa mtu
nafumba macho kwanza,
napitisha kidole kwenye karatasi.
Kioo sikigusi. Kioo kinasema ndiyo kwa kila kitu.